Nilikwenda Kuomba Uraia na Begi la Jela

Ndugu zangu, amani kwenu. Nashukuru kunipa nafasi. Nimetoka Garland kuja hapa Carrollton kwenye foleni ile mnayoijua, lakini leo hata foleni haikuninunisha.

Mimi ni Mkweka, yaani wa Kanisa la Marafiki, mzaliwa wa Burundi. Sisi Wakweka hatushiki silaha wala hatuapi. Wenzetu wa kwanza, huko Uingereza zamani sana, walifungwa kwa sababu hiyo. Mama alikuwa akitusimulia: wazazi wakitiwa jela, watoto wanaendelea kukusanyika wenyewe kusali. Nilidhani ni hadithi za kutulaza tu.

Nikiwa kijana, watu wenye silaha wakaja kijijini kwetu. Wakanipa bunduki. Nikasema, "Siwezi." Wakanipiga, wakanitupa kwenye stoo ya kahawa pamoja na wengine. Nawaambieni ukweli, mle ndani imani iliniisha. Nilimkasirikia Mungu, nikamkasirikia hata mama na hadithi zake.

Halafu nikawakumbuka wale watoto. Nikaona aibu. Nikakaa sakafuni, nikanyamaza, maana ndivyo tunavyosali. Mkatoliki mmoja akakaa kando yangu, kisha Mwislamu. Mlinzi akaingiwa na wasiwasi.

"Mnapanga nini humo?"

"Tunamsikiliza Mungu."

"Amesema nini?"

"Bado."

Alicheka huyo! Tangu hapo akawa anatuletea maji. Wakubwa zake walipoondoka kwenda kupigana, akafungua mlango. "Kimbieni, mkamsikilizie mbele ya safari!"

Nikafika kambi ya wakimbizi, nikaoa, tukaletwa hapa Texas. Mwaka jana nikaitwa kwenye intavyuu ya uraia. Nilijua wataniuliza kama niko tayari kubeba silaha kwa ajili ya nchi hii. Basi mke wangu akanifungia begi: sweta, mswaki, chapati. La jela, ndugu zangu! Msicheke, tulikuwa hatujui.

Afisa alikuwa mama wa makamo. Akauliza swali lenyewe.

"Madamu, siwezi kushika bunduki. Wala siwezi kuapa. Ni imani yangu. Kama ni kwenda, niko tayari." Nikanyanyua begi.

"Kwenda wapi?"

"Jela."

Akavua miwani. "Bwana, keti. Sheria inakuruhusu. Utaahidi tu bila kuapa, na hayo maneno ya silaha hutayasema."

Nililia mbele yake kama mtoto, akanisogezea tishu. Chapati tukazila garini na rafiki aliyenipeleka.

Namshukuru mama, ambaye sasa amelala usingizi wa milele. Nawashukuru mlinzi yule popote alipo, wale wawili waliokaa nami sakafuni, mke wangu, na nyinyi mlionipokea nikiwa sijui hata kuwasha jiko la umeme.

Ninalowaachia ni hili: ukiulizwa unaamini nini, sema kwa upole, lakini sema. Wale wa kwanza walisema, wakafungwa. Hawakunijua mimi. Lakini kwa sababu walikataa kunyamaza, sheria ikaja kututambua, na mimi niliambiwa, "Bwana, keti."