Mwalimu Mara Nyingi na Mtu Aliyetamani Kumwona

Ndugu, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Mimi ni binti wa kaka wa marehemu. Alikuwa shangazi yangu, na ni yeye mwenyewe aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu. Alinionya nisimpake sukari, kwa sababu wengi wenu mmewahi kuadhibiwa naye.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, alikokuwa akifanya kazi baba yake. Chumba cha nyuma alilala na mama mkubwa wake, yaani dada wa mama yake, ambaye alirudishwa kwao na mumewe kwa kuwa hakuzaa. Walilala kitanda kimoja. Mama mkubwa huyo ndiye aliyemfundisha kusuka nywele, kupiga pasi bila kuunguza nguo, na kucheka hata pale jambo lisipochekesha. Watu walipomwita tasa aliwajibu kwamba tumbo lake liko likizo, na likirudi atawaarifu. Shangazi alimpenda kuliko watu wote wa nyumba ile, na Baba yangu, ambaye ameketi hapo mbele, hakatai.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana ya bweni. Mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na saba, wenzake wote walikuwa wamekwisha kuvunja ungo, yeye bado. Akaanza pia kuumwa kinena. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa. Daktari alizungumza na Babu ofisini, mlango umefungwa. Babu alipotoka alisema, “Ilikuwa ngiri. Imekwisha.” Kisha, wakiwa njiani, bila kumtazama, akaongeza kwamba asitegemee kuzaa. Alichoambiwa Babu nyuma ya mlango ule hatukijui mpaka leo. Shangazi alipewa vidonge vya kumeza kila siku, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni vya nini, vilipokwisha hakurudi kuchukua vingine.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1974, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha Biolojia. Mwaka huohuo mama mkubwa wake akafariki, na Shangazi aliniambia kwamba hakuna kitanda kilichowahi kuwa kipana kama kile baada ya mazishi.

Darasani alikuwa mkali na mchekeshaji kwa wakati mmoja. Kila mwaka, katika somo la kurithi, aliandika ubaoni: XX mwanamke, XY mwanamume. Kisha aligonga ubao kwa chaki na kusema, “Hapa hakuna mjadala.” Alifundisha hivyo kwa miaka kumi na minane, na wanafunzi wake wakafaulu mitihani kwa kuandika hivyohivyo.

Tarehe 4 Agosti 1979 aliolewa na fundi redio. Kabla ya harusi alimfuata dukani kwake, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akamwambia wazi, “Mimi sizai. Ukitaka kurudi nyuma, rudi sasa.” Fundi hakuinua hata kichwa. “Nimeposa mwalimu,” alisema, “sikuposa kliniki. Nishikie hiki kiwaya.” Walikaa pamoja miaka thelathini, mpaka alipotangulia mwaka 2009. Watoto wa kaka yake na wa mdogo wake tulilelewa nyumbani kwao kila likizo, na hapakuwa na chumba kisicho na sauti.

Mwaka 1993 aliteleza kwenye korido ya shule akavunjika kifundo cha mkono. Daktari wa mifupa alishangaa kuona mifupa ya bibi kizee kwa mtu wa miaka arobaini na miwili. Akamuuliza habari za ule upasuaji wa zamani, akampima damu, akampeleka kwa daktari wa jeni. Daktari huyo alikuwa kijana mwenye koti lililompwaya, na Shangazi alimtambua kabla hajaketi, maana alimfundisha kidato cha tatu.

Daktari alipanga karatasi, akazipangua, akazipanga tena.

“Sema, mwanangu,” Shangazi alimwambia. “Mimi ndiye niliyekufundisha.”

“Ndiyo tabu yenyewe, Mwalimu,” akasema. “Kromosomu zako ni XY.”

“Pima tena.”

“Nimepima tena. Nilifikiri nimekosea mimi.”

Shangazi akauliza swali ambalo aliniomba nilisome hapa kama lilivyo: “Kwa hiyo mimi ni nani?”

“Ni mwanamke, Mwalimu. Ulikuwa mwanamke ulipoingia, na utatoka mwanamke. Ni lile somo letu lililokuwa fupi.”

Akamweleza, naye baadaye akatueleza sisi. Mtoto anapoanza kukua tumboni, huwa hajaelekea kuwa wa kiume wala wa kike. Kwenye kromosomu Y mna jeni inayoamuru tezi ziwe za kiume. Kwake iliamuru, tezi zikatokea, zikabaki ndani ya mwili. Zilizuia tumbo la uzazi lisiote, kisha zikatoa homoni. Lakini jeni nyingine, iliyo kwenye X aliyorithi kwa mama yake, ndiyo inayoufanya mwili uipokee homoni hiyo, nayo ilikuwa na hitilafu. Homoni ikapita, mwili usiitikie, ukaendelea na safari ya kike. Tezi hizo ndizo zilizokatwa mwaka 1968 zikaitwa ngiri, na vidonge vile vilikuwa vya kulinda mifupa yake. Shangazi alikuwa na maelezo yake mafupi: “Kengele ilipigwa, darasa halikusikia. Wanafunzi wakaendelea na somo walilokuwa nalo.”

Kisha daktari akauliza kama upande wa mama yake kulikuwa na mwanamke mwingine asiyezaa, kwa maana hali hii hupita kwa kina mama.

Shangazi alilia pale kitini, mkono ukiwa kwenye plasta, na daktari wake akalia naye. Hakuna aliyempima mama mkubwa, na sasa haiwezekani. Lakini Shangazi hakuwa na shaka. Alikumbuka hadithi aliyosimuliwa kitandani, ya mama mkubwa kupelekwa kwa waganga akiwa msichana kwa sababu hakuwahi kuvunja ungo. Alikumbuka ngozi yake laini isiyo na nywele kwapani, kama yake mwenyewe. “Tulilala shuka moja,” aliniambia mara nyingi, “tukiwa wawili wa aina moja, na kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani.” Nadhani hakuna siku iliyopita bila kumtamani. Hakumtamani arudi kwa muda mrefu. Alitaka dakika chache tu, amwambie.

Jioni ile alimweleza mumewe yote. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. “Nimekaa na wewe miaka kumi na minne,” alisema. “Kama ni kosa, nimeshalizoea.” Akaenda kuchemsha maji ya chai.

Muhula uliofuata, somo la kurithi lilipofika, aliandika ubaoni kama kawaida, akasimama, akaongeza neno: mara nyingi. XX mwanamke, mara nyingi. XY mwanamume, mara nyingi. Wanafunzi waliuliza kwa nini, akawajibu kwamba ni kwa sababu ni kweli. Kuanzia hapo alilitia neno hilo kila mahali, nao wakamlipa kwa jina la utani: Mwalimu Mara Nyingi. Akiuliza jua linachomoza wapi, darasa zima linajibu, “Mashariki, Mwalimu, mara nyingi!” Alijifanya kukasirika. Nyumbani alicheka mpaka machozi.

Kilichobaki moyoni mwake kilikuwa kimoja. Alitaka kumwona mtu mwingine aliye kama yeye, aliye hai. Kila alipokwenda kliniki alimuuliza daktari, “Wapo?”

“Wapo, Mwalimu. Lakini siwezi kukutajia.”

“Sitaki majina. Nataka tukae tunywe chai.”

Daktari alifikisha salamu kwa kila aliyeweza. Mwaka 2011 mama mmoja alikubali kuja na binti yake siku ya Jumamosi. Shangazi alioka keki, akavaa gauni la bluu, akaniweka mimi jikoni nisije nikatisha watu. Saa kumi teksi ilisimama getini. Ilikaa pale, injini inanguruma, mlango haukufunguliwa. Halafu ikaondoka. Nilitaka kuikimbilia, akanishika mkono. “Mwache,” alisema. “Angalau ameiona nyumba.” Ile keki ilikaa mezani siku nzima ya pili, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuikata.

Alistaafu mwaka huohuo. Mifupa iliendelea kumwangusha. Tarehe 20 Februari mwaka huu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa vizuri, lakini nimonia ikamwingia, naye akafariki Jumanne, tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, kaka yake na mdogo wake wakiwa wamemshika mikono.

Siku chache kabla ya hapo aliniita niandike. Alisema nisithubutu kusoma kwamba alikuwa na “matatizo ya kike”. Nitaje hali yenyewe: mwili kutoitikia homoni za kiume. Baba hakupenda.

“Dada, kwenye mazishi watu husoma wasifu, hawasomi cheti cha hospitali.”

“Kaka,” alimjibu, akipumua kwa shida, “nikiwa mzima nimemtafuta mmoja mmoja. Siku ile watakuja mamia kwa pamoja. Mimi darasa kubwa hivyo sijawahi kupata. Unataka nilipoteze?”

Baba alitoka nje. Aliporudi aliniambia, “Andika alivyosema. Na herufi za kijitabu ziwe kubwa, hata sisi wazee tusome.” Kwa hiyo anayetaka kulaumu, asimlaumu marehemu. Wazee wake wameridhia.

Shangazi ameacha kaka mmoja, mdogo wake wa kike, na sisi watoto wao, ambao alitugawia adhabu na pipi bila upendeleo. Ameacha wajukuu wanaomwita Bibi. Ameacha walimu wenzake, na wanafunzi wasiohesabika.

Na ameacha mtu mmoja, huenda wawili, ambaye hakuwahi kumwona. Pengine umekuja na mama yako, na umesimama huko nyuma. Pengine umeletwa na jirani tu, au utakisoma kijitabu hiki nyumbani kwa mtu. Hatukuulizi jina, wala hatukuombi unyooshe mkono. Tunakuhesabu miongoni mwa wafiwa. Alikupenda miaka thelathini bila kukujua, akafa akikuulizia.

Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu. Mgeni wake tutampokea sisi.