Cliff Ollerenshaw na Majina Kumi na Tisa ya Thornbeck

Bwana Clifford Ollerenshaw, Afisa wa Usalama wa Moto katika majengo marefu ya Halmashauri ya Aldersyke, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Machi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Barua ya Idara ya Utumishi inasema tarehe 31. Barua ya kuisahihisha hiyo inasema tarehe 4 Aprili. Keki imeshaandikwa 28, basi tunafuata keki.

Alianza akiwa mtunza jengo pale Thornbeck, ghorofa kumi na sita, na wakati huo alikuwa na nywele. Kazi yake ilikuwa taa na takataka, lakini muda si muda akajikuta vitani na kabari za kuzuia milango isijifunge. Kila mlango wa nyumba zetu una mkono wa chuma unaoufunga wenyewe ili moshi usipite. Wapangaji wakirudi na mifuko ya sokoni huuwekea chochote kilicho karibu uache kuwasumbua, kisha husahau. Cliff alikuwa akiviokota bila huruma. Siku moja Mzee Garside wa ghorofa ya tatu alimfokea ngazi nzima ikasikia: "Wee Cliff, nirudishie kiatu changu!" Akajibiwa: "Kifuate ofisini, mzee wangu, na ukitoka ufunge mlango nyuma yako." Kiatu hicho bado tunacho.

Nimefanya naye kazi miaka sita, na kuanzia Jumatatu nachukua nafasi yake. Nakiri kwamba bado sielewi vizuri kazi yenyewe ni nini. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na sisi manahodha tunao. Zamani amri ilikuwa moja: moto ukiwaka kwa jirani, kaa ndani kwako, funga mlango, ngoja wazima moto. Kisha wakaguzi wakasema mabamba ya nje ya ukuta wa Thornbeck yanaweza kushika moto, ikatoka barua kwa kila mpangaji: mkisikia king'ora, tokeni wote. Tangazo la KAA NDANI likabaki pale pale kando ya lifti, kwa sababu kuliondoa ilikuwa kazi ya mkandarasi. Cliff aliomba ruhusa ya kulibandua mwenyewe. Akaambiwa hana cheti cha kufungua skrubu.

Ndipo Jumanne moja ya Novemba, saa tisa alasiri, sufuria ya mafuta ya chipsi ikashika moto ghorofa ya tano. Nilikuwepo, na hadi leo nikikumbuka kichwa kinaniuma. Nusu ya watu walitoka na paka wao. Nusu walikaa wakachemsha chai. Baadhi ya waliotoka walishuka hadi chini, wakasoma tangazo la kukaa ndani, wakaanza kupanda tena, wakakutana ngazini na wanaoshuka. "Tunatoka au tunakaa?" waliniuliza. Nilikuwa na karatasi mbili mkononi, na kila moja ilikuwa na muhuri. Niliogopa sana, nikaanza kuzisoma upya zote mbili.

Cliff hakutazama karatasi yoyote. Aliniambia nisimame mlangoni nishushe watu tu, asipande mtu. Halafu akapanda yeye, na goti lake bovu, ghorofa kumi na moja, akipiga teke kila kabari aliyoikuta. Huko juu anaishi Bi. Hilda Sugden, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, ambaye lifti ikizimwa hana njia ya kushuka. Cliff alifunga mlango, akaziba chini kwa taulo zilizolowa, akawapigia wazima moto simu: ghorofa ya kumi na moja, mlango wa kushoto, tuko wawili. Wakakaa. Bi. Hilda anasema walicheza karata na kwamba Cliff ni mwizi wa karata. Moshi ulijaa ukumbi wote wa nje, ndani haukuingia. Baada ya dakika arobaini waliletewa habari kwamba moto umezimwa. Hakufa mtu.

Kamati ya uchunguzi ilimuuliza alifuata amri ipi, ya kutoka au ya kukaa. "Nilitaka kujua Hilda yuko na nani," alisema. Karani aliuliza jibu hilo liandikwe kwenye kisanduku kipi cha fomu, na hakuna aliyejua.

Baada ya hapo aliandika orodha ya wote wasioweza kushuka ngazi, watu kumi na tisa, ili iwekwe kwenye sanduku la wazima moto pale mlangoni. Wanasheria wakaizuia: majina ni siri mpaka kila mtu atie saini fomu mpya, na fomu mpya haijachapishwa. Basi Cliff akaiweka orodha kichwani. Wiki mbili hizi za mwisho amenipandisha ngazi kila asubuhi na kunitajisha majina kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikosea tunarudi chini tunaanza upya.

Juzi tulifika ghorofa ya kumi na moja. Bi. Hilda alinitazama juu hadi chini, akauliza: "Na wewe, binti, moto ukiwaka utapanda?" Niligeuka nimwangalie Cliff anisaidie. Alikuwa ameshika reli, anahema. Sera ya mwezi huu ninayo, nimeisoma mara tatu, na sidhani kama inanikataza wala kuniruhusu. Nikamwambia Bi. Hilda nitapanda. Akasema, "Haya, basi jifunze karata."

Cliff, asante kwa miaka yote hiyo, iwe inaisha tarehe ipi. Tunakuombea afya, goti jipya, na raha tele katika nyumba yako mpya isiyo na hata ngazi moja. Usitupigie simu kuuliza, pumzika. Kumi na moja, mlango wa kushoto, Hilda Sugden. Nimeshika.

Noreen Haigh
Ofisi ya Majengo