Petronila na Maji ya Muhogo Mchungu

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Hicaco na ninyi mliosafiri kutoka La Ceiba na Trujillo, mimi ni Fermín Bátiz, mtoto wa Simeona, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yangu mkubwa, Petronila Norales Güity.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 31 Mei 1941, mtoto wa kwanza wa bibi yetu Dominga na babu Cayetano, aliyekuwa kibarua wa mashamba ya ndizi, na mwaka 1949 akaanza shule ya kijiji, lakini mwaka 1952 bibi aliugua macho, hivyo akaacha daftari akashika ubao wa kukunia muhogo.

Kazi yake tangu hapo ilikuwa ereba, mkate wetu wa muhogo mchungu, nanyi mnajua kwamba muhogo huo usipokamuliwa vizuri unaua, kwa hiyo bibi alimfundisha kuukuna, kuukamua kwa ruguma, ule mfuko mrefu wa ukindu, kuyatenga maji yake mbali hata kuku asiyafikie, kisha kuuacha unga ukauke kabla ya kuuchekecha na kuuoka.

Tarehe 6 Januari 1960 alifunga ndoa na Teófilo Suazo, baharia wa meli za ndizi, na Mungu akawajalia Amparo, Eligia, Cástulo na Rufino.

Tarehe 9 Novemba 1966 marehemu na mama yangu Simeona walikuwa wakitengeneza ereba ya sikukuu, maji ya muhogo yametulia ndooni ili wanga utuame, meupe kama maziwa, na bibi alipowaita nje wakamsaidie kuanua unga kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, Amparo, aliyekuwa na miaka minne na mwenye kiu baada ya kucheza juani, aliingia jikoni akachota kwa kikombe cha bati akanywa. Walimkuta anatapika, pumzi inamkatika, wakamwinua wakaanza kukimbia naye ufukweni kuelekea kwa mganga wa serikali, na akafia njiani, mikononi mwa mama yake.

Mama yangu anasema waliporudi aliuliza, "Dada, si ulifunika?" na marehemu akajibu, "Nilijua umefunika wewe," na baada ya hapo hawakuulizana tena, ingawa waliendelea kukuna muhogo pamoja, kila mmoja akitazama magoti ya mwenzake.

Teófilo aliporudi kutoka baharini alitafuta ubao wa mkangazi akachonga kifuniko kizito ambacho mtoto hawezi kukiinua, na kuanzia siku hiyo marehemu hakuacha ndoo wazi hata kwa muda wa kukohoa, akawa anapita nyumba kwa nyumba siku za kukamua akikagua ndoo za wenzake, na mabinti waliomtania, "Bibi Petronila, unalinda ndoo kama mume," aliwajibu, "Cheka, mwanangu, lakini funika kwanza."

Sitaficha jambo ambalo wote mnalijua, kwamba jioni jikoni kwake kilisikika kikombe cha bati kikigonga ukingo wa ndoo, nami nimekisikia, na tulipoingia hapakuwa na mtu. Mganga wa mizimu alimwambia, "Mtoto ana kiu, Petronila, mchezee ngoma aende kwa wazee wake waliotangulia," naye akasema, "Akienda, mimi nitabaki na nani?" Akakataa mwaka hadi mwaka, akamwekea maji safi karibu na mlango, hata baada ya kumzika Teófilo mwaka 1998.

Mwezi Agosti 2010 marehemu alianza kuugua figo, akalazwa Trujillo, kisha akaomba kurudishwa nyumbani, na siku moja kabla ya kufariki alimwita mama yangu mbele yetu akasema, "Simeona, ni mimi niliyefunua ile ndoo, nilitaka kuona kama wanga umetuama."

Mama akamwambia, "Nyamaza, dada. Nilifunua mimi."

"Unasema hivyo nife vizuri."

"Na wewe unasema hivyo niishi vizuri."

Wakashikana mikono, wala hakuna aliyerudisha neno lake, nasi tuliosimama pale hatujui hadi sasa nani alisema kweli. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Februari 2011. Tangu hapo jikoni kumekuwa kimya, na kila jioni mama yangu anatuuliza kama hatujasikia kitu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, vijana waliombeba kutoka barabarani kwa machela, majirani waliopika kwa ajili ya msiba huu, na wanawake wote waliooka naye ereba, ambao watoto wao wamekua.

Mama mkubwa, umefika aliko mwanao. Tulia naye, upumzike kwa amani.