Picha ya Kumi na Mbili: Maisha ya Privatus Bizimana, Mpiga Picha za Watoto (1939–1985)

Marehemu Privatus Bizimana alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1939, huko Kirushya wilayani Ngara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bizimana na Mama Niragira. Mama yake, ambaye amekaa nasi hapa mbele, husema kwamba siku hiyo radi ilipasua mgomba nyuma ya nyumba, na mtoto akatoka analia kabla hajaguswa. Tangu hapo Privatus aliogopa. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wa pembe ndefu, aliogopa mwalimu. Jambo hili limeandikwa kwa agizo lake mwenyewe. Wiki mbili kabla ya kufariki alimwambia mdogo wake Gozbert, anayesoma wasifu huu: "Usinifanye mtakatifu, bwana mdogo. Andika kwamba niliogopa, na andika nilichofanya kwa sababu ya kuogopa."

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1948 hadi 1954. Alifaulu, lakini ili kufika shule ya kati ilibidi avuke mto kwa mtumbwi. Alisimama ukingoni asubuhi nzima, mtumbwi ukaenda na kurudi mara tatu, kisha akarejea nyumbani na sanduku lake kichwani. Mwaka 1957 alikwenda Mwanza, akapata kazi ya kufagia katika duka la mpiga picha, na humo akajifunza kusafisha filamu na kuchapa picha. Alikipenda chumba cha giza kuliko chumba chochote. Alisema humo hakuna anayekuona ukitetemeka.

Mwaka 1964 alifungua studio yake mjini Biharamulo. Watu wazima walimtia woga, kwa hiyo akajikita kwa watoto wachanga, ambao wapiga picha wengine waliwakimbia. Alikuwa na njia yake. Mama alikaa kitini, akafunikwa kaniki nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, na mtoto akapakatwa juu ya kaniki hiyo. Mtoto alisikia pumzi ya mama yake akatulia, na katika picha alionekana peke yake, kama mfalme mbele ya pazia. "Imba kidogo, mama," Privatus alisema, na kaniki ikaimba. Mlevi mmoja alipita dirishani akauliza, "Privatus, hicho kiti chako kinanyonyesha pia?"

Ni chini ya kaniki hiyo alikopata mke. Binti mmoja kutoka kijiji cha Bisibo, Generoza, alimleta mtoto wa dada yake, akafunikwa, akaimba. Privatus aliipenda sauti kabla hajauona uso, na wanandugu wanasema hilo ndilo lililompa ujasiri wa kuzungumza naye. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1966, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Rozalia.

Septemba 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia ilihamishiwa Lusahunga. Nyumba yao ya Biharamulo ilibaki na maharage jikoni, bado mabichi. Privatus aliificha kamera ndani ya gunia la nguo, akalikalia gunia hilo njia nzima, akiogopa kuulizwa na akiogopa kutoulizwa. Hakuna aliyemuuliza. Lusahunga alijenga chumba kimoja karibu na njia panda, na kwa kuwa ndani hapakuwa na mwanga wa kutosha, alipiga picha zake nje, mtoto akiwa ameipa barabara mgongo.

Vikaja vita. Novemba 1978 magari ya jeshi yalipita njia panda mchana kutwa yakielekea kaskazini, na wanaume wa vijiji vyetu waliitwa kwenye mgambo. Waliokuwa na watoto wadogo walitaka picha ya kuweka mfukoni. Jumamosi, tarehe 11, Privatus alikuwa na filamu moja tu, ya picha kumi na mbili. Aliwapiga picha watoto kumi na mmoja kwa kaniki. Wa kumi na mbili alikuwa Limi, mwenye miezi saba, mtoto wa Ngeleja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Mke wa Ngeleja, Ernesta, aliikataa kaniki.

"Baba Rozalia, mimi sifunikwi."

"Mtoto hatatulia, mama."

"Mume wangu anakwenda vitani, wewe unanifunika kama maiti? Piga hivihivi."

Akapiga hivihivi. Alipobofya, gari lilikuwa linapita nyuma yao.

Saa sita mchana mgambo Malongo, jirani yake, alisimama mlangoni bila kusema hodi. "Baba Rozalia, chukua kamera yako, twende." Katika ofisi ya kijiji kulikuwa na afisa mgeni wa jeshi ambaye hakukaa.

"Shikamoo, afande."

"Nani amekutuma kupiga picha magari ya jeshi?"

"Napiga picha za watoto, afande."

"Barabarani?"

Siku zile neno jasusi lilitosha. Mtu alichukuliwa, na mkewe hakujua aulize mlango gani. Afisa aliamua filamu isafishwe mara moja chumbani kwa Privatus, Malongo akilinda mlango. Likionekana gari hata moja, alisema, mpiga picha atapanda gari hilohilo.

Alisafisha kwa mikono iliyomwaga nusu ya dawa. Alipoinua filamu, aliwaona watoto kumi na mmoja, na nyuma ya kila mmoja kaniki iliyotanda. Hapakuwa na gari. Kisha akaiona ya kumi na mbili. Gari lilikuwa kamili, na askari waliojaa juu yake.

"Umemaliza?" Malongo aliita.

"Bado kidogo."

Filamu mbichi ni laini kama utando wa maziwa. Privatus aliweka kidole gumba juu ya picha ya kumi na mbili, akakandamiza, akafuta. Lilifutika gari, akafutika Ernesta, akafutika Limi.

Afisa aliielekeza filamu kwenye jua, akahesabu. "Na hii?"

"Imeharibika, afande. Mtoto hakutulia."

Aliachiwa. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka, Ngeleja alikuja kuchukua picha, akapewa jibu lilelile. Alicheka. "Limi wangu? Huyo hutulia kuliko mtungi! Haya, nikirudi utampiga tena." Akapanda gari mfuko ukiwa mtupu. Habari za kifo chake zilifika Machi 1979.

Kila Novemba baada ya hapo, Privatus alikwenda kwa Ernesta na kamera. Hata miaka ile ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni, alitunza pozi moja la filamu, nafasi ya picha moja, kwa ajili ya Limi. Ernesta alidhani ni wema, akamshukuru mbele za watu, na kila shukrani ilimfanya akose usingizi. Aliogopa kumwambia kuliko alivyomwogopa yule afisa.

Kifua kilianza kumsumbua Juni 1984. Alilazwa mara mbili, na Februari mwaka huu madaktari walimruhusu arudi nyumbani. Ndipo alipomwomba Generoza amwite Ernesta, akamweleza yote, uso ukiangalia ukuta. Ernesta aliiacha chai ikapoa.

"Kwa hiyo alikuwa ametulia," alisema mwishowe.

"Alitulia, mama."

"Miaka sita unamsingizia mwanangu." Kisha akasogeza kigoda. "Geuka. Niambie ilikuwaje. Yote."

Ernesta hakusema kwamba amesamehe, na familia haikumuuliza. Aliomba jambo moja tu: maneno aliyoambiwa siku ile yachapwe hapa, kwa kuwa picha yenyewe haipo. Ni haya:

Limi amevaa kigauni kilichofungwa kwa kifundo begani. Anacheka, meno mawili ya chini yanaonekana. Mkono wa kushoto umeshika sikio la mama yake. Ernesta haangalii kamera. Anatazama pembeni, alikosimama Ngeleja, na amezuia kicheko. Ncha ya kivuli cha kofia ya Ngeleja imeingia kwenye picha, karibu na mguu wa mtoto.

Privatus Bizimana alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 1985, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Lusahunga, Generoza akimwimbia. Ameacha mama yake Niragira, mjane wake Generoza, watoto watatu, Rozalia, Deodata na Sylvester, na mdogo wake Gozbert. Yupo pia Limi Ngeleja, wa darasa la kwanza, aliyekaa na wafiwa kwa idhini ya mama yake, na picha zake sita zimo kwenye bahasha mapajani.

Ndugu yetu ametulia. Mungu ampokee mahali ambapo hakuna wa kumwogopa.