Mzee Taratibu na Mkono wa Gramafoni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika kituo chetu cha redio, fundi wa maktaba ya santuri anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wengi wetu hatumwiti kwa cheo. Tunamwita Mzee Taratibu, kwa sababu ndilo neno la kwanza ambalo kila mwajiriwa mpya hulisikia kutoka kwake, kwa kawaida mara tu baada ya kubamiza mlango.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila niseme ukweli: naogopa. Mimi ni mtangazaji wa vipindi vya mchana, na kuanzia Jumatatu, ile gramafoni kubwa itabaki nasi bila yeye.

Alianza kazi hapa kama fundi umeme, akibadilisha taa na kuunga nyaya. Mkuu wa wakati huo alimkuta amelala chali chini ya gramafoni iliyokuwa imewashinda wengine, anaisikiliza ikizunguka, akampa maktaba nzima. Tangu hapo gramafoni hiyo imekuwa mke mwenza. Anayesema hivyo ni mama watoto wake, tena hacheki.

Kanuni zake tunazijua sote. Akitaka kushusha sindano, feni huzimwa, viatu huvuliwa, na milango yote ya ukumbini hufungwa kwa mikono miwili. Hakuwahi kumfokea mtu. Ukibamiza, alitoa kichwa tu na kukuuliza mlango umekukosea nini. Meneja mwenyewe aliulizwa hivyo mbele ya wageni, akaomba radhi.

Mwezi Machi, kabati la zamani lilipohamishwa, nyuma yake ilipatikana santuri yenye sauti ya mtangazaji aliyefanya kazi hapa kabla yetu. Marehemu huyo ni baba wa dada yetu wa mapokezi. Alifariki binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Dada huyu, ambaye huongea mbio mbio kwenye simu mpaka wapigaji wanamsihi arudie, hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake. Nyumbani kwao kuna picha tu.

Furaha yetu haikudumu hata mpaka chai. Santuri hiyo ni ya aina ya zamani sana, utando laini mweusi uliopakwa juu ya bati, na utando ulikuwa umeanza kubanduka. Mzee Taratibu aliichungulia kwa kioo cha kukuzia, akasema itavumilia sindano mara moja tu, hiyo hiyo ya kuinakili. Na mkono wa gramafoni, ule unaobeba sindano, ulikuwa mgonjwa. Grisi inayoufanya ushuke polepole ilikuwa imekauka, kwa hiyo ulianguka kama jiwe. Pale unapogeukia napo ulikuwa unakwama. Ungeangukia santuri ile, utando ungechanika, na nakala nyingine hakuna popote. Dada wa mapokezi aliacha kula mchana, na sisi tukawa tunapita mlangoni pa maktaba kwa kunyata.

Mzee aliufungua mkono mzima mezani. Siku zote hutandika taulo jeupe kwanza, ili kidude kikianguka kisidunde na kupotea. Siku ile alisahau taulo. Gololi moja ya pale mkono unapogeukia, ndogo kuliko punje ya mtama, ilimponyoka vidoleni ikagonga sakafu, halafu kimya. Ofisi nzima tulitambaa bila viatu, tukiogopa hata kuhema, mpaka mhasibu alipoikuta imenasa kwenye soksi ya meneja. Tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa ameingiza mikono mifukoni, na tuliona mifuko inatikisika.

Ndipo alipotuambia. Mikono ilianza kutetemeka mwaka jana. Daktari alijua, mama watoto alijua, sisi hatukujua. Meneja alishauri santuri irudishwe kabatini, na sikumlaumu. Mzee aliomba apewe muda kidogo.

Aliutumia muda huo akiwa ameegemeza viwiko juu ya mito miwili ya kutoka nyumbani kwake. Alisafisha gololi moja moja kwa spiriti, akapaka grisi mpya, nzito. Nyaya nyembamba kama unywele alizipitisha ndani ya mkono kwa kuzivuta na uzi wa kushonea, na uzi ulipokatika alianza upya. Kile kipande kizito cha nyuma kinachousawazisha mkono alikisogeza mbele na nyuma mpaka mkono ukaelea wenyewe, haupandi wala haushuki. Akaujaribu juu ya santuri chakavu hadi wimbo wake ukatutokea puani.

Siku yenyewe ilipofika, alivua viatu, akazima feni, akamwita dada wa mapokezi. Alimwambia kwamba mkono wa gramafoni sasa ni mzima, mikono yake yeye ndiyo isiyofaa, hivyo sindano aishushe binti mwenyewe. Binti naye alikuwa anatetemeka. Mimi nilitaka kukimbia. Binti alisukuma kinyanyulio, kile kijiti cha kupandishia na kushushia mkono, na mkono ukashuka polepole bila kujali kidole chake kinavyotikisika. Tukasikia mikwaruzo. Mikwaruzo ikaendelea, nami nikafumba macho nikijua tumeipoteza. Kisha mwanamume akawasalimu wasikilizaji na kuanza kusoma tangazo la maji kukatika, mbio mbio, akimeza nusu ya maneno.

Dada wa mapokezi aliziba mdomo. "Jamani," alisema, "anaongea kama mimi."

Sauti hiyo imenakiliwa yote, na santuri imerudi kupumzika. Dada yetu ameomba kuhamia maktaba, na amekubaliwa. Alipomwambia Mzee Taratibu kwamba anaogopa, alijibiwa kuwa hata yeye ameogopa miaka yote hii, ila sisi tulidhani ni upole.

Mzee wetu, asante kwa kila ulichotutunzia. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na nyumba isiyo na mke mwenza. Ijumaa ukitoka, usigeuke kutukagua. Dada wa mapokezi ndiye atakayeufunga mlango nyuma yako, kwa mikono miwili.