Otto Anaondoka, Mashine Inabaki kwa Nani?

Bwana Otto Luambano ameitumikia mashine ya kusaga ya Kikundi cha Akina Mama Tujikaze, hapa Lizaboni, kwa miaka ishirini na tisa. Anastaafu leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, akiwa na mgongo unaouma na kikohozi cha vumbi la unga ambacho hakuna dawa iliyokimaliza. Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu waanzilishi wenzangu wengi wametangulia, na waliobaki wanasema macho hayaoni. Yangu yanaona. Yanaona hata yale ambayo mngependa nisiyaone.

Basi tuseme kweli tangu mwanzo. Otto akiondoka, wapo wanachama wanaotaka mashine iuzwe. Mnunuzi ameshakuja, ameigongagonga mota kwa vidole kama anayechagua tikiti maji sokoni. Mkutano wa kuamua ni Jumatatu. Kwa hiyo msisome karatasi hii kama mnasikiliza matangazo ya kanisani, huku mnajipepea nayo.

Otto ni mtu wa Mpitimbi. Alikuja mjini kijana, akawa anabeba magunia sokoni. Tulipopata mashine ya kwanza, ile ya dizeli, tulitafuta mwendeshaji mtaa mzima. Wanaume walikuja, wakauliza bosi ni nani, wakaambiwa bosi ni hawa akina mama, wakaondoka. Otto akabaki. Wenzake walimzomea: "Otto, umeolewa na wanawake kumi na wanane!" Akawajibu: "Na nyie mmeolewa na nani, mbona mnashinda na njaa?" Siku hiyohiyo tukampa kazi. Hatukumuuliza cheti, na hakutuuliza sisi tumesoma wapi.

Tabia yake mnaijua. Alikuwa anaingiza mkono ndani ya ndoo ya mteja, anatoa punje, anaing'ata. Ikiwa laini, hasagi. "Mama, rudi ukaanike." Hata uwe mke wa nani. Mahindi mabichi yanaziba nyavu za mashine, na unga wake baada ya siku chache unaota ukungu. Watu walimtukana sana kwa hilo. Walimwita Mzee Kaanike. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Wewe Otto, biashara gani ya kufukuza watu mlangoni?" Akasema, "Bibi, huyu akila ugali wa unga mbovu hatasema mahindi yake yalikuwa mabichi. Atasema mashine ya Tujikaze."

Sasa niseme habari ya kimea, maana wengine mmejiunga juzi hamjui. Kimea ni ulezi uliooteshwa na kukaushwa kwa ajili ya kupikia pombe. Unga wa kimea ukichanganyika na unga wa mahindi, hata kidogo kiasi cha kiganja, ugali haushiki. Unasonga, unalegea. Unaongeza unga, unazidi kulegea. Kwa hiyo Otto aliweka utaratibu: kimea ni Jumamosi mchana tu. Akimaliza anafungua mashine, anafagia ndani, anapitisha pumba mpaka harufu iishe. Bi Mwanaisha na jamaa zake waliohamia mjini kutoka Nalasi walikuwa wanapita mashine nyingine zote kuja kwetu kwa ajili ya utaratibu huo, kwa sababu hawataki unga wao ukutane na mambo ya pombe.

Lakini wapika pombe wakalalamika kungoja Jumamosi. Wakahamia kwingine. Na sisi, badala ya kuwaacha waende, tukaitisha mkutano. Tamaa ikasimama ikaongea, tukaipigia makofi. Tukaamua kimea kisagwe siku yoyote. Otto alisema maneno machache: "Mtaniharibia mashine na nyie mtajiharibia jina." Tukamwambia yeye ni mwajiriwa.

Haikupita muda, ukatokea msiba wa mzee Selestine, pale nyuma ya soko. Unga wa msibani ulisagwa kwetu, asubuhi, mara baada ya kimea cha mtu, bila nafasi ya kusafisha mashine. Mchana watu wamekaa kwenye mikeka wanangoja, wapishi wanahangaika na masufuria, mwiko unazama wenyewe. Ugali ukawa uji. Wafiwa wakaona aibu, na sisi hatukuwa na pa kuficha uso. Mtaani tukapewa jina: Mashine ya Uji. Ukipita sokoni unaulizwa, "Bibi, leo mnasaga unga au mnakoroga?" Bi Mwanaisha na watu wake waliacha tu kuja, na hilo liliuma zaidi.

Otto hakutuambia, "Niliwaambia." Alibeba unga mzuri begani, akaenda nyumbani kwa wafiwa, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Halafu akapita kwa wateja nyumba hadi nyumba. Ilichukua zaidi ya mwaka watu kurudi. Jina la biashara ni kama maji ndani ya kibuyu: kuyajaza ni taratibu, kuyamwaga ni mara moja.

Tukainuka. Tukafunga mota ya umeme, tukaweka na mashine ya kukoboa. Ndipo akaja Abdulhamid na mashine yake mpya, hatua chache kutoka kwetu. Baada yake wakaja wengine. Leo barabara yetu ina mashine nyingi kuliko maduka ya sukari.

Nasikia mnavyosema. Eti Abdulhamid ana dawa. Eti ana chuma ulete, anavuta wateja wetu kwa uchawi. Acheni ujinga! Mimi nimekwenda kuangalia kwa macho yangu. Abdulhamid anafungua kabla ya adhana ya alfajiri kwisha masikioni. Ameweka benchi, mtu akae. Ameweka ndoo ya maji ya kunywa. Mama mwenye mzigo anapelekewa unga wake nyumbani kwa bodaboda. Anakusalimia kwa jina na anauliza hali ya mgonjwa wako. Huo ndio uchawi wake. Sisi mteja anakuja, anasimama juani, na mwanachama wetu aliye zamu ya kupokea anachat na simu. Nikimuuliza ananiambia, "Bibi, biashara ngumu siku hizi." Biashara imekuwa ngumu lini? Iliwahi kuwa laini?

Na kuna jambo lililomchosha Otto kuliko magunia. Hili nitalisema hata mkininunia. Wanachama wa Tujikaze, wenye mashine, hamsagi kwenye mashine yenu. Nawaona jioni mnapita na ndoo mmezifunika kwa kanga, mnakwenda kwa Abdulhamid. Mmoja nilimshika barabarani. Akasema, "Kule foleni fupi, bibi." Nikamwambia, "Fupi kuliko ya kwetu? Kwetu hakuna foleni kabisa!" Akacheka, akapita. Alikokuwa anakwenda ni kulekule.

Otto alikuwa anawaona wote kutoka mlangoni. Hakumsema mtu. Jirani anayekushinda ni haki yake, ni soko. Lakini mwenye duka anayenunua kwa mwenzake ni nani atakayemwamini?

Jumatano wiki hii Lightness, anayesimamia chakula cha sherehe hii, alileta unga wa ugali wa leo. Nikaangalia mfuko. Una jina la Abdulhamid. Unga wa kumuaga Otto! Nikamuuliza, "Lightness, una akili?" Akasema, "Bibi, mweupe, halafu umeshafungashwa." Nikamwambia apeleke kwake akawapikie wanawe. Nikaagiza kila mjumbe wa kamati alete mahindi kutoka kwake, yasagwe hapa, na asiyeleta asile.

Basi jana mahindi yakaja. Mashine tukampa Dorine, binti wa marehemu Ashura aliyekuwa mweka hazina wetu. Dorine ameacha genge lake la vitumbua kwa ajili ya kazi hii, amejifunza kwa Otto miezi hii yote. Mashine ikiuzwa, hana genge wala hana kazi. Otto tulimwekea kiti mlangoni, tukamwambia akae kama mgeni.

Katikati ya kusaga mkanda ukatoka. Pah! Kila mtu akageuka kumtazama Otto. Nami niligeuka. Otto alishika mikono ya kiti, akainuka kidogo, halafu akarudi akakaa. Dorine alizima umeme, akavua mkanda, akaufuta, akaurudisha, akakaza, akajaribu kwa mkono kwanza. "Sogeeni, mama zangu, mnanizibia mwanga." Akawasha. Unga ukatoka, mweupe, mkavu. Tulipomwangalia tena Otto, alikuwa amelala. Kidevu kifuani, mashine inanguruma karibu na sikio lake, naye amelala usingizi wa mtoto. Tangu nimfahamu sijamwona akilala mashine ikiwa inazunguka. Hakuna aliyemwamsha.

Kwa hiyo kwa mnunuzi wa mota nasema aende akanunue tikiti maji. Kura yangu ndiyo hiyo. Za kwenu Jumatatu sitazihesabu kwa mikono mtakayonyoosha, maana mikono mnayo mingi. Nitakaa palepale mlangoni niangalie nani amekuja na ndoo.

Otto mwanangu, kikundi kinakushukuru kwa unga wote tuliokula, na kwa lawama zetu ulizozibeba ukasema ni zako. Utusamehe tulipokuita mwajiriwa. Nenda Mpitimbi ukaipalilie mihogo yako polepole, kifua kipone, asubuhi usiamke mpaka utake mwenyewe. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akikuletea siku ya kuja mjini, pita utusalimie. Ukikuta Dorine yuko kazini, kaa kwenye kiti. Usiguse kitu.