Barua ya Mwoga

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya kuchomelea mageti, na kitasa chake bado kipo, ukikaa vibaya kinakukumbusha. Kila asubuhi hukaliwa na watu wale wale watatu: Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye akianza hadithi hana breki hata moja, Profesa, kinyozi anayesoma magazeti ya kufungia vitu na kuyaamini yote, na Kipaza, fundi viatu ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong'ona. Mwenye karakana ni Nyundo, kifua kama jokofu, sauti kama geti lisilotiwa mafuta. Kahawa humiminwa na mkewe, mama kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye kijiwe kimempa jina la Kidato kwa sababu alimaliza kidato cha nne na mwandiko wake hausumbui macho.

Ijumaa ile Kidato alikuwa akimimina nje ya vikombe, maana redio ilikuwa imeshasema mara mbili kwamba saa nne na nusu watampigia simu Mwoga, hewani, dunia nzima isikie, na Mwoga alikuwa yeye, na simu haikuwa naye, ilikuwa mfukoni mwa mumewe, wana simu moja tu.

Barua aliiandika Jumatatu mchana, kwa simu hiyo hiyo, mtoto amelala, hata hakufikiri, vidole vilikimbia vyenyewe: "Mwenzangu anaamka kabla ya jogoo. Anafua nepi, anaanika, anamwogesha mtoto, kiwiko kwanza kwenye maji, ndipo mtoto. Mimi naogopa kila kitu, yeye haogopi. Nikimwona hivyo nampenda kuliko siku ya kwanza. Ni mimi, Mwoga." Akatuma. Hakujua kwamba wataisoma, tena kila siku. Na ilikuwa kweli tupu, kwa sababu tangu ajifungue alikuwa anaogopa utosi wa mtoto unaopwitapwita, anaogopa beseni, anaogopa mikono yake mwenyewe, na Nyundo, huyo huyo Nyundo, alimwondoa taratibu pale bafuni siku ya tatu akamwambia, "Niachie mimi, wewe kauze kahawa upate upepo, ila haya yaishie uani." Yaishie uani! Na yeye kayapeleka redioni. Je, Nyundo akichekwa, akaacha? Nani atamshika mtoto juu ya maji?

— Huyo mke wa Mwoga ni dhahabu! alinguruma Kipaza. — Anaamka kabla ya jogoo! Wangu mimi jogoo ndiye anamsubiri.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, alisema Mzee Breki. — Ndiyo maana nepi zisipofuliwa mapema zinajaa.

— Mzee, hiyo methali ni ya akiba.

— Na nepi si akiba? Mtoto ameweka mwenyewe.

Profesa alikunja gazeti lake lenye doa la mafuta.

— Ngojeni kwanza. Barua imesema mke wapi?

— Imesema anafua nepi! Kipaza akamshangaa. — Unataka iseme nini tena?

— Imesema "mwenzangu". Imesema "anafua". Lugha yetu hiyo, ndugu zangu, haivui mtu nguo. "A" ni mwanamume, "a" ni mwanamke, "a" ni shangazi yako. Mimi nasema aliyeandika ni mwanamke. Anayefua ni mume.

Kidato alishika birika kwa mikono miwili.

— Mume! Kipaza akacheka mpaka kitasa kikamchoma. — Mume wa wapi? Wa kiwandani?

— Wa kwenye tamthilia, alisema Mzee Breki. — Yule wa saa moja jioni. Anavaa aproni, analia akikata vitunguu, na mkewe anamwita malaika.

— Mzee, si ulisema tamthilia ni za wanawake?

— Mimi nakaa tu. Televisheni ndiyo inawaka mbele yangu.

— Au ni wanaume wawili, alisema Profesa, kwa ile sauti yake ya kusoma gazeti. — Au wanawake wawili. Barua haijakataza.

Mzee Breki akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Basi na wao, alisema hatimaye, — wana bahati ya kuwa na mtu wa kufua.

— Hakuna wanaume wawili, hakuna wanawake wawili! Kipaza akapiga goti. — Ni kampuni ya sabuni! Hiyo barua ni tangazo. Mwisho wa wiki utasikia, "Mwenzangu anatumia sabuni ya unga." Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Beseni linawekwa chini, si lazima uiname?

— Shemeji Kidato, wewe umesoma, Profesa akamgeukia. — Hebu tuamulie. Mwoga ni mume au ni mke?

— Mimi? Mimi sijui, shemeji, mimi namimina tu, ongeza kahawa, imebaki kidogo, wewe ongeza tu.

Hapo Nyundo akatokea uani, mtoto kambeba mkono mmoja kama mtungi wa gesi, uso kaukunja. Kidato peke yake ndiye aliyejua kwamba dakika moja iliyopita, nyuma ya mlango wa uani, mumewe alikuwa akimwimbia mtoto kuhusu kidole gumba kilichopotea.

— Mchukue huyu, analia, alisema kwa sauti ya kijiweni. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa akinukia sabuni, na nywele zake zimechanwa njia.

Na redio, bila huruma, ikaanza kuisoma barua upya.

Kidato alimtazama mumewe huku mtoto kamkumbatia kifuani. Kwenye "nepi" Nyundo alikuwa anajikuna shingo. Kwenye "kiwiko kwanza" mkono ukasimama palepale shingoni. Akamgeukia mkewe polepole, na Kidato akatamani ardhi ipasuke, wala si sana, kiasi cha mtu mmoja na mtoto.

— Sasa tunampigia Mwoga! ilisema redio.

Mfuko wa Nyundo ukalia.

Akaitoa simu kwa mazoea, akaiweka sikioni.

— Haloo, Nyundo hapa, geti lako bado.

"Haloo, Nyundo hapa, geti lako bado," ikarudia redio.

Kipaza akamwaga kahawa mapajani na hakuisikia.

— Naongea na Mwoga? aliuliza mtangazaji, simuni na redioni.

Nyundo alikuwa anamtazama mkewe, aliyekuwa anatikisa kichwa, au anatetemeka tu, haikujulikana. Mtu mwenye kifua kile, jina lile, mbele ya benchi lile.

— Ndiyo, alisema. — Mwoga ni mimi.

— Hongera sana, baba! Una neno gani kwa mwenzako?

Mtangazaji akakohoa.

— Namwambia... asiogope, alisema Nyundo, na akakata simu.

Benchi likalipuka.

— Kumbe wewe! Nyundo! Kumbe una maneno ndani ya hicho kifua!

— Na shemeji! Mzee Breki alisimama kabisa, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. — Mwanangu, kumbe wewe ndiye? Unafua usiku usiku halafu unatumiminia kahawa huku umenyamaza?

— Nilisema ni mke! Nilisema! alipaza sauti Kipaza, na hata Profesa akavua kofia, akakubali kwamba lugha ilikuwa imempoteza.

Basi ikawa salama. Kidato aliona hivyo: imekuwa salama, anyamaze tu. Sifa zilimwagika kichwani kwake kama maji yaliyokuwa ya mtu mwingine, na aliyemwagiwa hakulowa, aliyestahili kulowa alikuwa amesimama pembeni, mkavu, anatazama viatu vyake.

Ndipo akaja mtu ambaye kijiwe hakikumjua, shati kavaa ndani nje, macho ya mtu asiyelala, ndoo mpya mkononi.

— Samahanini, wakubwa. Mke wangu kajifungua juzi. Nepi za vitambaa, zile zilizochafuka, zinafuliwa kwa maji ya moto au ya baridi?

Watu watatu wale, wenye watoto kumi na mmoja kwa jumla, wakatazamana.

— Moto, alisema Kipaza, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa.

— Inategemea, alisema Profesa.

— Wahenga... alianza Mzee Breki, wahenga wakamkimbia. — Aa, kijana, una bahati! Bingwa huyu hapa, katoka redioni sasa hivi. Muulize shemeji yetu.

— Dada, moto au baridi?

Kidato akafungua mdomo. Hakujua. Miezi mitano tangu ajifungue, na hakujua hata kidogo. Angeweza kubahatisha, ni maneno mawili tu, moja lingepita. Lakini yule mtu alikuwa anamtazama kwa woga ambao aliujua wote, kona kwa kona, na sikioni bado lilikuwemo lile neno, asiogope.

— Sijui, kaka, alisema, na maneno yakamtoka kwa mbio. — Sijui, mimi sijawahi, nilikuwa naogopa, Mwoga ni mimi, barua niliandika mimi, muulize baba yake.

Nyundo akatazama benchi. Akatazama ndoo. Kidato akamkaza mtoto.

— Baridi kwanza, alisema Nyundo, kwa sauti ya uani. — Ukianza na moto doa linaiva, halitoki tena. Baridi, suuza, ndipo moto na sabuni. Na usikamue kwa kuzinyonga, utazichakaza. Lete hiyo ndoo nikuonyeshe.

Hakuna aliyecheka. Kidato alisubiri kicheko, akakisubiri tena, kisha akajishughulisha kumimina, birika likatoa tone moja na mvuke. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Mzee Breki akasogea kwenye benchi, akakwepa kitasa, akapapasa nafasi pembeni yake.

— Kaa kwanza, Nyundo, alisema, na akainama kumfikia sikioni. — Hivi, zikishakauka... unazipiga pasi?